Nyumba Niliyolala Siku Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa nusu saa baada ya kufika, kisha nikaitwa tena. Niliingia karakana ya uchoraji pale Makiso, katikati ya Kisangani, na picha yangu kwapani: ukingo wa mto nyuma ya nyumba yetu, matope, mtumbwi uliopinduliwa, na mbingu nyeupe ya asubuhi ya mvua. Mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Patron, aliishika mbali na uso wake kama samaki wa juzi.

"Hii iko wapi?"

"Kwetu, Patron. Nyuma ya nyumba."

"Nyuma ya nyumba! Donc, mutu atoke Bulaya na avion, aje kununua nyuma ya nyumba yako? Enda!"

Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponipigia mluzi. Alikuwa ameona kwamba mbingu yangu haikuwa na alama za brashi. Mchana ule ule akanipa kopo la buluu, kopo la njano, na mbingu kumi na mbili za kujaza.

Vijana wanaoniuliza leo jinsi tulivyofanya kazi hudhani tulikaa mtoni tukichora tulichokiona. Wapi! Mto tuliuona jioni tu, tukienda kuoga. Turubai letu lilikuwa magunia ya unga wa ngano, yamefumuliwa, yamefuliwa, yamevutwa kwenye fremu ya mbao. Juu yake tulipaka gundi ya seremala iliyochanganywa na chokaa, ili kitambaa kisinywe rangi. Mpako huo tuliuita aprè. Ukikauka, unaweka kalibri, yaani kadibodi iliyokatwa umbo la mandhari nzima: mchikichi umeinama kushoto, jua kulia, msitu umelala nyuma. Unapitisha makaa kandokando ya kadibodi, na mandhari umeshaipata. Kilichobaki ni kujaza.

Tuligawana kazi. Mmoja alichora wapiga kasia, mwingine mitego ya samaki kwenye maporomoko, mimi mbingu, maji na miti. Hilo lilimfaa marehemu baba yangu, Mwislamu wa familia za zamani za mji huu, ambaye hakutaka mwanawe achore chenye roho. "Muti, sawa," alisema. "Muti hautakuuliza kitu siku ya kiyama."

Mbingu hupakwa kwanza, kutoka juu kushuka, rangi ikiwa bado mbichi, buluu ikififia hadi njano. Maji ni mbingu ile ile uliyoigeuza na kuitia giza kidogo. Miti ya mbali ni ya kijivu, ya karibu inakaribia kuwa nyeusi, na majani yake huwekwa kwa ncha ya kisu. Patron alipita nyuma yetu akisema, "Macho yako weka mufukoni. Mukono iko na akili kupita macho." Nilimwamini. Baada ya miaka michache niliweza kumaliza mto huku nikibishana na mwenzangu kuhusu mpira.

Patron alipofariki nikachukuliwa na hoteli moja ya mjini. Mkurugenzi wake, tuliyemwita Direktè, alitaka mto katika kila chumba, na alinionya mapema: "Papa Idi, zote zifanane. Sipendi mugeni wa chumba cha pili amuonee wa chumba cha tatu wivu." Zikafanana. Vita vilipokuja, hoteli ikafunga milango, na mito yangu sijui ilikwenda kulala wapi. Baadaye nikawa na kibanda changu. Wageni wa magari meupe, wale wa mashirika ya misaada, walinunua kwa muda, wakaondoka. Zikaja picha za plastiki zilizochapwa, zenye milima ya theluji, na watu wetu, ambao theluji wameionea kwenye televisheni tu, wakaipenda kuliko mto wao. Nilicheka siku ya kwanza. Siku nyingine zote sikucheka.

Nilikunja kibanda mwaka ambao mke wangu, Mama Véro, alipooza mguu na mkono wa kushoto. Yeye ni mtu wa Barumbu, kule chini mtoni, mbali kupita Isangi. Tangu augue hakuweza tena kupanda boti. Asubuhi moja, nikimlisha lituma, ndizi zetu za kupondwa, akaniambia:

"Papa Idi, umefanyia bazungu mito yote. Mimi hujanifanyia hata moja."

"Unataka gani?"

"Kwetu. Nyumba ya mama, vile ilikuwa zamani, mbele maji ikule kingo na nyumba."

Nilifurahi, nawaambia kweli. Mtu wa kazi akistaafu hutamani kuambiwa kwamba mkono wake bado unahitajika. Kwa siku mbili nikamaliza picha. Nikaiweka mbele ya kitanda chake. Akaitazama, akacheka upande mmoja wa mdomo.

"Hii ni ya hoteli."

"Basi nielezee nyumba ilivyokuwa."

"Nikuelezee? Kwa nini? Ulilala mule siku saba. Ulikuwa na macho."

Hapo nikaelewa kwamba hakuwa anaomba picha. Alikuwa anataka kujua kama niliwahi kuiona nyumba yao. Ni kweli nililala kwao siku saba. Ndivyo familia yake ilivyotaka kabla ya kunipa mke. Lakini Patron alikuwa ameniagiza nirudi na kalibri mpya. Kwa hiyo kila siku, tangu chai hadi giza, nilikaa ukingoni na kadibodi yangu, uso kwenye mto, mgongo kwenye nyumba. Mchikichi wa pale niliuuza miaka na miaka. Nyumba sikumbuki hata mlango wake uliangalia wapi.

Nilijaribu. Nilikaa na turubai tupu wiki nzima. Kila nilipoweka makaa, mkono ulikimbilia kushoto kuchora mchikichi. Niliuchapa mkono huu kama mtu anayechapa mbuzi mwizi, mimi mzee mzima, nikalia kwa hasira.

Ndipo nikafanya kosa langu. Nilimwachia jirani yetu, Mama Odette, amtunze mgonjwa, nikadanganya kwamba nina mteja Isangi, nikapanda boti hadi Barumbu. Shemeji yangu Bosco, mdogo wake Mama Véro, alinipeleka ukingoni akanyoosha kidole kwenye maji.

"Ilikuwa pale, bokilo," aliniambia, akiniita mkwe kwa Kilingala. "Lakini alors, si wewe ulilala mule?"

"Nimezeeka, Bosco. Nikumbushe."

Akanikumbusha yote. Mlango uliangalia njia ya shamba, si mto, kwa sababu ya upepo. Jiko lilikuwa ubavuni, chini ya mpapai. Bati moja la paa lilikuwa limekunjika pembeni. Niliandika kila kitu, nikarudi, nikachora bila kalibri kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Makiso. Mto haukuonekana kabisa. Nawaambia bila kujisifu, hiyo ndiyo picha bora niliyowahi kufanya.

Mama Véro aliitazama muda mrefu. Alinyoosha mkono wake mzima akagusa mpapai, akagusa mlango. Nikadhani nimepona. Kisha kidole kikapanda kwenye paa.

"Bosco ndiye alikuambia."

Nikasogea nilitazame paa lile.

"Hii manjanja, hii bati, Bosco aliweka nyuma ya ndoa, sisi tulishakuwa huku Kisangani. Siku zile za ndoa ilikuwa ndele, majani tu. Mvua ilipita mule ndani. Ulihamisha mukeka yako mara mbili, Papa Idi."

Sikuikumbuka mvua. Nilinyeshewa, nikahama, na haikubaki kichwani hata tone. Nilitaka kumwomba msamaha lakini alikuwa ameshaondoa mkono.

"Iko muzuri," akasema. "Asante, Papa."

Sauti hiyo naijua. Nimeisikia kibandani mara nyingi, kwa mteja anayerudisha picha mezani kwa adabu na kwenda zake. Hakuitaja tena ile picha, wala nyumba ya mama yake.

Watu husema mtu akistaafu apumzike, kazi yake imwombee. Yangu itaniombea nini? Nimeishi kwa kuuza mto ambao siku hizi ninapoteremka kuutazama sijui nianzie wapi. Vijana wakija kuniuliza namna ya kukata kalibri, nawafukuza, wanadhani nina choyo.

Mama Véro alifariki kabla ya mvua kwisha. Asubuhi ya mazishi dada zake, waliosafiri usiku kucha kutoka Barumbu, walikuja kuniuliza ni kitenge kipi alichokipenda zaidi, wamvike. Nikasema cha buluu. Wakatazamana, wakanishukuru, kisha wakaenda kumuuliza Mama Odette.