Branchi ya Kibaha na Mama Yake Zaituni

Jamani, hili nawasimulia kwa sababu Zaituni ameshalisambaza Kibaha nzima, aibu nimeshaivaa, bora mlisikie kwangu mwenyewe kabla halijazidi kuongezwa chumvi.

Mama yake Zaituni alitoka Msimbu kuja kuniangalia. Sio kunisalimia, kuniangalia, maana posa yangu alikuwa bado hajaijibu, na Zaituni alishanionya kwamba mama akisema hapana hakuna wa kumgeuza. Akashauri tumkaribishe tu kwangu Kongowe, tupike chapati, yaishe. Mimi nikakataa (hapo ndipo nilipojiharibia), nikasema mama wa hadhi yake anastahili branchi. Branchi, kwa msiojua, ni chai ya asubuhi iliyocheleweshwa mpaka ikakutana na chakula cha mchana, na kuna hoteli mpya pale mjini inayoiandaa, jina lake la Kifaransa sijathubutu kulitamka mpaka leo.

Balaa lilianzia kwenye kukaa. Mama alipoona tumewekewa meza moja akagoma. "Zai, mimi nikatafune mbele ya mwanamume aliyekuposa? Umelelewa wapi wewe?" (Kamlea mwenyewe.) Akaenda zake kwenye kona, nyuma ya chungu kikubwa cha maua, akatupa mgongo, Zaituni akabaki kuwa mjumbe wa kwenda na kurudi. Mhudumu akanifunga kitambaa cheupe shingoni, akasema kwa sauti ya mtangazaji, "Karibuni kwenye safari ya ladha."

Safari yenyewe ilikuwa sahani pana kama ungo, katikati yai moja, kipande cha parachichi na majani ambayo kwetu angepewa sungura. Na mimi nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu jana, najiwekea nafasi! Nikalimeza lile yai, nikachungulia kona, mama haonekani kwa yale maua, nikajisemea maskini bado anakula, nikamwambia Zaituni natoka kupokea simu.

Simu gani! Nyuma ya ukuta kulikuwa na mama lishe na sufuria la supu ya kongoro, harufu yake ndiyo iliyonipigia.

"Mama, bakuli moja na chapati mbili, fanya haraka, mama mkwe wangu yuko kule ndani anahangaika na majani!" Bodaboda wote kwenye benchi wakacheka, nami kwa kuona nimechekesha nikazidisha, nikapokea bakuli langu, nikatia mfupa mdomoni kumwigiza anavyotafuna. Mwisho wa benchi mwanamke mmoja aliyejifunika khanga akapaliwa na supu. Akageuka. Mama.

Nilikuwa na mfupa mdomoni. Nikatoa shikamoo kwa pembeni ya mfupa.

"Marahaba," akajibu, huku anaivuta khanga ifunike bakuli lake. "Ulisema nani yuko ndani?"

Ningepata pa kuingia ningeingia, hata mle kwenye sufuria. Mara akatokea mlinzi wa hoteli na mhudumu, nyuma yao Zaituni analia (au anacheka, mpaka leo hasemi), kumbe sisi wawili kupotea wamedhani tumekula tukakimbia, tukamwacha yeye rehani. "Huyo hapo!" mhudumu akapiga kelele. "Kitambaa chetu anacho shingoni!" Mlinzi akanidaka mkanda wa suruali, akaniinua mbele ya benchi zima, mtu mzima, mwalimu wa watu, mfupa ukanitoka ukatumbukia kwenye bakuli la jirani. Nikajua posa basi tena, na moyo uliniuma kweli.

Mama akaweka bakuli chini, akasimama, khanga ikamtoka kichwani wala hakuijali. "Wewe baba, mwachie mkwe wangu amalize supu. Hela yenu ataleta akishashiba, maana kwenu hakushiba."

Mkwe wangu! Kidogo nimkumbatie mlinzi. Sasa tumeshaoana, na nikienda Msimbu mama hula ndani, mimi barazani, heshima imerudi mahali pake, ila mtu akitaja tu branchi nakisikia kicheko chake kikipenya ukutani. Mimi hoteli ya kufungwa kitambaa shingoni sikanyagi tena, hata nikialikwa bure.