Gari la Wababe

Gari lile lina nuksi, na anayebisha aje nimwonyeshe. Ni dogo, jekundu, milango miwili, turubai badala ya paa, pua ndefu. Waingereza walilitengeneza la kukimbia, si la kubeba watu na mizigo yao. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mhandisi wa barabara. Shemeji yake alilitaka, akanyimwa, akamvunja taya kwa spana na kuondoka nalo. Shemeji naye akanyang'anywa na mwenye bucha mmoja, aliyemburuta nje kwa ukosi wa shati mchana kweupe, watu wanatazama. Huyo mwenye bucha ndiye aliyemwoa dada yangu.

Dada alipigwa kwenye ndoa ile mpaka sisi nyumbani tukachoka kulia. Alipigwa kwa kosa la kubamiza mlango wa gari. Alipigwa kwa kuliegemea. Akavunjwa mkono kwa mpini wa jeki. Mkono ulipounga, alichukua nyundo ya kuvunjia mawe akaenda uani. Hakumgusa mume, aliliendea gari! Alitwanga boneti, akatwanga milango, taa zikaruka vipande. Jitu zima likapiga magoti: "Nipige mimi, mke wangu, gari liache!" Hajawahi kumlilia binadamu hivyo, mshenzi yule. Mwisho akafoka, "Chukua takataka yako, utoke!" Tukalivuta kwa kamba hadi kwetu.

Hapo ndipo dada alipoanza ufundi. Jirani alileta mlango uliobonyea, mwingine akaleta bampa, na leo mtaa mzima unamwita Mama Bodi. Magari ya watu yanaingia yamekunjamana, yanatoka yanang'aa. Lake lilikaa palepale kwenye kona ya gereji, juu ya matofali, likisubiri zamu. "Mwezi ujao nalianza," alisema kila mwaka. Alikuwa anaogopa, mimi namjua. Lingependeza, yule bwana angelifuata.

Akalifuata hivyohivyo bovu. Alisikia kwamba magari ya namna ile yameadimika, akaja asubuhi na lori la kuvuta na jeki lake mkononi.

"Nimekuja kuchukua gari langu."

"Ulinipa," dada akasema.

"Shahidi wako nani?"

Akamzaba kofi mbele ya wateja, mdomo ukapasuka. Nilimrushia kopo la rangi, likamkosa. Akacheka, akachuchumaa, akaweka jeki ubavuni, chini ya mlango.

Dada, damu inamchuruzika, akapiga kelele, "Usiweke hapo! Pameoza, ni pati tupu, hakuna bati!"

"Unanifundisha gari langu?"

Akapandisha jeki, akayapiga teke matofali, akajiingiza chini kukagua chesisi. Ubavu ukabomoka kama biskuti. Gari likamshukia pajani, na mfupa niliusikia ukikatika.

"Mwache!" nikamwambia dada. Nilitaka afe, sifichi. Dada alinisukuma nikaanguka.

"Vuta mnyororo, mpumbavu we!"

Tukalinasa kwa ndoano ya winchi, tukavuta mnyororo, gari likainuka, akaburutwa nje akibweka.

Polisi walifika kabla ya gari la wagonjwa. Bwana, mguu umegeukia kusikokuwa, akamnyooshea dada kidole.

"Mkamateni huyu! Ameniua! Ameacha gari lake bovu linaangukia watu!"

"Gari ni la nani?" polisi akauliza.

"Lake! Uliza yeyote! Mimi mgeni tu hapa, sihusiki nalo kabisa!"

Watu walitazamana. Kisha dereva wa lori, aliyekuja naye mwenyewe, akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu.

"Umesikia, afande?" dada akasema, akijifuta mdomo. "Na hawa wote wamesikia."

Walipompakia kwenye machela ndipo alipong'amua alichosema. Alitutukana sisi, akamtukana dereva, akaitukana na machela. Nilichukua ufagio nifagie damu. Dada alishaanza kukwangua rangi ya zamani ya gari lake.