Mstari wa Wino Gotini

Kila ninapokoroga masizi na utomvu wa mti ili kuwatengenezea wanafunzi wangu wino, harufu yake hunirudisha ufukoni mwa ziwa, Rumonge, enzi za Wadachi.

Wimbi la meli yao lilikuwa limemchukua mtoto wa jirani akioga. Baada ya mazishi, mwalimu wetu wa Kurani akaanza kutuchora mstari wa wino gotini. Ambaye mstari wake ungefutika, angejulikana ameingia ziwani, naye angechapwa.

Mama alipouona wangu, alinishika mkono akanirudisha chuoni kwa mwalimu.

"Mwalimu, ule mutoto alikufa juu hakujua kuogelea. Hii wino itamushika wangu asizame?"

"Itamtia woga," mwalimu alijibu.

"Woga iko nayo tayari. Mimi nitamufundisha maji."

Tukaenda moja kwa moja ziwani. Alinifunga kibuyu kitupu kifuani, akaingia nami akiwa na kaniki yake mwilini. Kiganja chake kilichonibeba mgongo kilikuwa kigumu, kinanukia mawese. Nilimeza maji, nikalia, nikamng'ang'ania shingo.

"Tena," alisema.

Mstari ulifutika. Alinifungua kibuyu.

"Tena."

Jua lilipokuwa kali, nilijikuta naelea, na kiganja hakipo tena mgongoni.

Nilipogeuza kichwa, nilimwona mwalimu amesimama ufukoni. Nikajua fimbo imenifuata. Lakini kwa mkono mmoja alishika kibuyu kitupu kama changu, na kwa wa pili alimshika binti yake mdogo.