Baba Alivyoongea Njia Nzima ya Tukuyu

Nikifungua mfuko wa udongo wa maua kwenye baraza ya ghorofa yetu hapa Crescent Town, mtaa wa Toronto, ile harufu ya ubichi hunirudisha kwenye msitu wa mlima Rungwe. Nina miaka tisa tena, nimekaa kiti cha nyuma cha gari la baba mdogo Ambokile, pua yangu imegandamana na kioo.

Niwaambie kwanza kwamba baba niliyemjua Toronto alikuwa mkimya. Alirudi kutoka kazini ghalani, huko Downsview, akala, akalala. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa, kama wengine walivyoumbwa warefu. Akiniuliza kitu kwa Kiswahili, nilimjibu kwa Kiingereza, naye aliitikia kwa kichwa tu.

Basi, likizo ile tuliyokwenda kwao, tulipoiacha Mbeya tukaanza kupanda, ukungu ukashuka. Miti mikubwa yenye ndevu za kuvu ilichungulia barabarani, kisha ikajificha tena. Ndipo baba akaanza kuongea. Jamani, aliongea! Alisimulia jinsi milima ile ilivyotapika moto zamani, ikaacha ziwa la kijani ndani ya shimo la Ngosi. Alimtania mdogo wake kwa upara wake.

"Samaki karudishwa majini," baba mdogo alininong'oneza.

Tuliposimama kununua ndizi, baba na mama muuzaji walitaniana mpaka yule mama akajifuta machozi kwa khanga. Kisha akanitazama.

"Mbona mwanao hasemi?"

"Mkimya tu huyu," baba akajibu. "Kaumbwa hivyo."

Nilitaka kubisha. Mimi, ambaye mwalimu alinihamisha kiti kwa sababu ya domo! Lakini maneno niliyokuwa nayo hayakuwa ya pale.

Tulifika Daraja la Mungu, lile jiwe la volkano lililojikunja juu ya mto Kiwira, maji yakinguruma chini yake. Nilimshika baba mkono. "Baba, hii jiwe... zamani ilikuwa moto?"

Hakunisahihisha. Alichuchumaa mbele yangu, akanieleza hadi mvua ikatulowesha.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba baba hakuwa mkimya hata siku moja. Alikosa wa kuongea naye. Lakini mtoto hufanya mengine kabla ya kuyaelewa. Wiki tuliyorudi Toronto, aliporejea kutoka kazini, nilimuuliza kwa Kiswahili changu cha kuungaunga, "Baba, leo ulifanya nini?"

 Alivuta kiti, akaanza kusimulia, na chakula kikapoa mezani.