Chumba Alicholala Komba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Takwimu za Magonjwa alitupatia meza moja, mimi na Komba. Komba alikuwa ndiyo kwanza anaingia mjini kutoka Songea, hana pa kulala. Mimi, mtoto wa Kariakoo, nikampeleka kwa mama yangu, aliyekuwa akipangisha vyumba kwa wageni wa sokoni. Akapewa cha uani.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza modeli, yaani hesabu za kukisia ugonjwa utatoka nchi gani kwenda ipi, na kwa kasi gani. Kwanza unajiuliza mgonjwa mmoja ataambukiza wangapi, kisha unatafuta watu wanakutana wapi. Mimi niliwakutanisha mipakani, kwenye mabasi na malori.

Ukaja mwaka wa mafua makali. Mkuu akatangaza kwamba mwenye modeli itakayofaulu ataongoza kazi ya kanda nzima. Nilikitaka cheo kile kuliko kitu chochote. Lakini mafua yalizuka Kongo na Komoro karibu kwa pamoja, na watu wa huko hata hawatembeleani. Hesabu zangu zikagoma.

"Wanakutana hapa hapa mjini, Kariakoo," Komba alisema kikaoni. "Wanakuja kununua vitenge, wanalala gesti moja, wanakula sinia moja wakisubiri mzigo ufungwe. Halafu kila mtu na kwao."

Mkuu alimpa mkono, kisha akanigeukia. "Na wewe dada, si ndiyo kwenu kule? Ama kweli, penye miti hapana wajenzi!"

Watu wakacheka. Wageni wale nimekua nikiwapelekea chai! Nilizikagua hesabu za Komba mstari kwa mstari, nikiomba nikute kosa. Sikulikuta. Wivu ukanishika.

Komba akapanda hadi Mkurugenzi, na wivu wangu ukapanda naye. Siku ya kuniaga nilipostaafu alisema, "Bila mama yake dada huyu, nisingejua kitu." Mama yangu, si mimi. Nikapiga makofi kama wenzangu.

Vijana, sitawadanganya kwamba kustaafu kunaponya wivu. Wanafunzi wa modeli hunifuata Magomeni ninakoishi, niwapeleke kuiona nyumba ya mama, ambayo bado ipo, imebanwa na maghorofa.

"Shikamoo bibi. Eti Mkurugenzi alikuwa analala chumba gani?"

"Marahaba. Kile pale."

Wanajipanga mlangoni, wanapiga picha. Si kile cha uani; ni chumba nilichokuwa nikilala mimi.