Sare ya Kwaya na Kura za Marekani

Mwaka 2016 kwaya yetu ya katikati ya Johannesburg iligombana kuhusu rangi ya sare ya Krismasi. Tulipiga kura, bluu ikaongoza kwa vichwa vichache, na sisi wa nyekundu tukakataa matokeo, kama tulivyolelewa. Mazoezi yakageuka bunge. Mwishowe mzee mmoja wa besi akasema tuiachie Marekani iamue: chama cha bluu kikichukua urais tuvae bluu, cha nyekundu kikichukua tuvae nyekundu. Wote tukakubali.

Fundi wetu alikuwa dada wa Lubumbashi, msoprano, aliyeshonea chumbani kwake Bellevue. Alikuwa bluu kindakindaki. Redio zote zilisema bluu itashinda, naye hakuona sababu ya kungoja. Alitoa mtaji wake, akanunua majora ya kitambaa, akakata.

Matokeo yalitoka asubuhi nikiwa kazini Midrand. Ramani kwenye kompyuta ilizidi kuiva wekundu, nami, Mkenya nisiye na kura huko, nilishangilia sketi yangu nyekundu ijayo mpaka bosi akaniuliza kama nina ndugu Marekani.

Jumapili fundi alikuja kanisani na furushi kubwa, uso umemshuka.

“Dada, bleu iko na kura mingi,” akaniambia. “Juu ya nini banasema imeshindwa?”

Nikajitia ualimu. Nikamweleza kuwa kule kila jimbo lina kura zake za kumchagua rais, na karibu kote, ukilishinda jimbo kwa kura moja au milioni, unazoa zote.

“Chukua hii kwaya yetu,” nikasema. “Nyinyi masoprano ni wengi, na nyote ni bluu. Lakini alto, tenori na besi, kila kundi lina wengi wa nyekundu. Kwa vichwa mmetushinda. Kwa sauti tumewashinda tatu kwa moja.”

Akafikiri kidogo. “Eish. Ile ni akili ya mwizi.”

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga. Mtaji wake wote ulikuwa pale sakafuni, na hakuna aliyemtuma kukata mapema.

Alipolifungua furushi, nikaona mashati na sketi zimeshikizwa kwa pini, kila moja na jina la mwenyewe. Langu lilikuwa karibu juu kabisa. Nilishangaa, kwa sababu yeye na mimi tulikuwa tumerushiana maneno mwezi mzima.

“Umenikatia hata mimi?”

“Nilikatia bote,” akasema. “Mukishindwa, mutaimba uchi?”

Nilijipimia ile sketi kiunoni. Alikuwa ameniachia nafasi ya pilau ya Krismasi. Ushindi wangu ukaniishia mdomoni, nikaona aibu na nikampenda papo hapo. Nikasema tupige kura upya, ya vichwa tu, bila majimbo, na nikawa wa kwanza kuinyooshea bluu mkono.