Maabara ya Mikono Mitupu

Mwezi wa Juni 2008, Agum aliondolewa kwenye somo la kemia kwa kosa la kuwalaza wanafunzi darasani. Hakuna aliyewauliza wanafunzi kama walikuwa wamelala. Mwalimu mwenye shahada, aliyelelewa Kenya na kurudi Juba kwa hiari yake baada ya mkataba wa amani, alivuliwa somo lake barazani, mbele ya mgeni, na kutakiwa ashukuru kwamba hakufukuzwa kabisa.

Shule yenyewe ilikuwa Gurei, pembezoni mwa Juba, na ilikuwa na maabara. Yaani, kilikuwapo chumba chenye neno hilo mlangoni. Ndani mlijaa mifuko ya saruji na mabati, na ukutani palichomoza bomba ambalo halikuwahi kuunganishwa na maji. Darasani kulikuwa na ubao, chaki, na kitabu kimoja cha kemia kisicho na jalada. Kwa vifaa hivyo, kidato cha nne kilitarajiwa kufanya mtihani wa vitendo mwisho wa mwaka, na waliopanga hivyo hawakuona haya.

Agum aliwachorea bureti ubaoni: mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, wa kudondoshea dawa tone kwa tone. Nyachangkuoth, binti wa mstari wa mbele ambaye hapitwi na kitu, akauliza koki hiyo hufunguliwa kwa mkono upi. Agum alinyanyua mikono ili ajibu, na hapo akatambua kwamba bureti angali anayo. Ilikuwa vidoleni mwake, palepale ilipoachwa na maabara ya chuo huko Eldoret, na ubaridi wake wote, na ugumu mdogo wa koki inapoanza kugeuka. Akawaambia wafumbe macho.

Tangu siku hiyo walifanya majaribio wakiwa wamefumba macho. Mvua ilipopiga mabati hata sauti ya mwalimu ikazama, mikono iliendelea yenyewe, ikimimina, ikingoja, ikizungusha taratibu flaski, chupa za kioo za maabara, ambazo hazikuwapo. Ukuta wenye nyufa ulitoweka. Meza ndefu nyeupe zilikuja kutoka mahali fulani zikajipanga kati yao, kila mmoja na yake. Alkali ilidondoka ndani ya asidi, tone, na tone lingine, na ghafla, kwenye kiza cha macho yao, maji maangavu yaligeuka rangi ya waridi. Dut, mwanajeshi wa zamani aliyekuja shule na ndevu zake, alisema waridi yake ilifanana na ndani ya mdomo wa ndama.

"Umezidisha, Dut," Nyachangkuoth alimwambia, naye macho kayafumba. "Yako imekolea kama soda. Mwaga uanze upya."

"Umeionaje, na wewe hutazami?"

"Nimekusikia ukifungua koki. Umeivuta kama mtu wa bunduki."

Darasa likacheka. Dut akamwaga, akaanza upya.

Asubuhi ambayo mkaguzi alikuja, walikuwa katika hali hiyohiyo. Alisimama dirishani pamoja na Ezbon, mkuu wa shule ambaye wote walimwita mudir, akauliza kwa kicheko kama hiyo ni sala au ni malaria. Ezbon alikuwa amechimba vyoo vya shule hiyo kwa mikono yake, na aliona fahari kila mgeni alipofika. Mzaha huo ulimwingia kama mwiba. Alimwita Agum nje, akamsemesha kwa Kiswahili chake cha uhamishoni Uganda.

"Madam, hapa iko shule. Watu nakuja kusoma, hapana kulala."

"Hawakulala, mudir. Wanafanya jaribio."

"Jaribio iko wapi? Onyesha mimi."

Agum alitazama viganja vyake. Hakuwa na cha kuonyesha.

Alipelekwa kidato cha kwanza kufundisha dini. Kemia hakupewa mtu yeyote. Kipindi kiliachwa wazi, na mtihani ukazidi kukaribia. Lakini kutoka darasa lake jipya, ng'ambo ya uwanja, Agum aliona kila kipindi hicho kilipofika mikono ikiinuka dirishani, mmoja juu, mmoja chini, Dut akiwa amesimama mbele. Naye, katikati ya mifano ya Yesu, alijikuta mkono wake wa kushoto umegeuza koki.

Desemba, vifaa vililetwa asubuhi ya mtihani, vimeazimwa kutoka shule nyingine, vimezungushiwa majani makavu ndani ya katoni. Ezbon alisimamia chumba. Agum aliwekwa mlangoni, na sheria ilimkataza kutamka neno. Alichoweza ni kutazama.

Walivishika vioo kama watu wanaosalimiana na jamaa waliyemjua kwa sauti tu. Dut alifumba macho kwanza, akaipapasa koki, kisha akayafumbua. Tone, na tone lingine. Waridi ikaja, nyepesi, karibu isiwepo, ikapita kutoka meza hadi meza, na chumba kikawa kimya kama chumba cha wenye ndoto moja. Nyachangkuoth aliandika jibu lake. Kisha akainua flaski, akaizungusha mara ya mwisho, na akaiachia hewani.

Ilipasuka sakafuni. Binti alibaki akiviangalia vigae, uso wake umejaa mshangao mtupu.

"Wewe naachilia kwa nini?" Ezbon aliuliza.

"Nisamehe, mudir. Zetu zilikuwa hazianguki."

Ezbon aliangalia vigae, akaangalia mikono ya darasa zima, iliyokuwa imesimama palepale hewani alipoiona mwezi wa Juni. Alifagia mwenyewe, polepole. Alipofika mlangoni na ufagio, alisema chini kwa chini, bila kumtazama Agum machoni, "Madam, ile jaribio, sasa mimi naona." Msamaha hakuomba, wala hakuwahi kuuomba baadaye.

Tarehe 6 Aprili 2009, siku ya kwanza ya mwaka mpya wa masomo, saruji ilitolewa kwenye maabara, na Agum akarudishiwa kemia. Somo lake la kwanza lilikuwa jinsi ya kuweka flaski mezani.